Mji wa Watu Kumi na Wanne

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kazi ya tafsiri. Ilikuwa makala fupi ya Kiingereza kuhusu miji midogo ya mashambani iliyoko kwenye mbuga za katikati ya Marekani, na jinsi miji hiyo inavyopungukiwa na watu mwaka nenda mwaka rudi. Makala yenyewe haikuwa ngumu. Hata hivyo palikuwa na neno moja lililowatoa wanafunzi jasho, nalo ni lile wanalolitumia Waingereza kuutaja mji ulioachwa na wenyewe: huuita mji wa mzuka. Takriban nusu ya darasa waliandika vivyo hivyo, "mji wa mizuka", nami niliposoma nikapata picha ya majini yamekaa barazani yakinywa kahawa. Wengine waliandika "mji mfu". Mwanafunzi mmoja tu, binti kutoka pwani, aliandika "mahame".

Nilimpa alama zote, na darasani nikamsifu. Mahame ni neno la Kiswahili asilia litokanalo na kitenzi kuhama, nalo hutaja mahali palipokuwa na makazi ya watu kisha wenyewe wakapaacha. Halina uhusiano na mizuka wala maiti. Lakini nilipokuwa nikizinakili alama hizo katika daftari langu, jambo moja lilinikera. Mji uliotolewa mfano katika makala ile ni Nicodemus, katika jimbo la Kansas, nami nimewahi kufika Nicodemus. Kadiri nilivyoutazama ule mstari, ndivyo nilivyozidi kushuku kwamba neno lililo sahihi katika kamusi si sahihi kwa mji huo. Msomaji mpendwa, niwie radhi nikikueleza kisa chake kwa urefu kidogo.

Kwanza niseme kwamba nimeandika "mbuga" kwa shingo upande. Siku hizi mtoto wa shule akiambiwa mbuga hufikiria simba, tembo na magari ya watalii. Mbuga ninayoikusudia hapa ni ile ya maana ya kale: uwanda mpana wa nyasi, usio na miti ila kando ya mito, ambapo upepo hauna kizuizi na macho hayana pa kutua. Kansas ya magharibi ni ardhi ya namna hiyo. Mwaka wa 1862 serikali ya Marekani ilipitisha sheria iliyomruhusu mkuu wa familia kujipatia ekari 160 za ardhi ya umma kwa ada ndogo, mradi akae humo na kuilima kwa miaka 5. Ilisemwa kuwa ardhi hiyo ni tupu. Haikuwa tupu. Ilikuwa mawindo ya Wapawnee, Waosage na Wakansa, na hao wa mwisho ndio waliolipa jimbo jina lake kabla ya kuhamishiwa kusini mwaka wa 1873, katika eneo ambalo leo huitwa Oklahoma. Jina la watu limebaki kwenye ramani. Mzungumzaji wa mwisho aliyejifunza Kikansa tangu utotoni alifariki katika miaka ya 1980. Mwanaisimu hawezi kulipita jambo kama hilo kimya, hata kama silo lililomleta.

Mwezi wa Aprili 1877, miaka 12 baada ya vita vilivyokomesha utumwa, watu kadhaa waliunda kampuni ya kuanzisha mji katika Kaunti ya Graham, kando ya mto Solomon wa kusini. Wawili kati yao ndio wanaotajwa zaidi: W. R. Hill, Mzungu mwenye kufanya biashara ya ardhi, na W. H. Smith, mhubiri Mweusi. Mwaka huo huo majeshi ya serikali kuu yaliondolewa katika majimbo ya kusini, na watumwa wa jana wakaachwa mikononi mwa mabwana wa jana. Si ajabu basi kwamba matangazo ya kampuni hiyo yalipowafikia Weusi wa Kentucky, wakiahidiwa ardhi yao wenyewe, wengi walifunga virago. Mnamo Septemba 1877 waliwasili wapatao 300 kwa mkupuo mmoja.

Jina lenyewe lina utata. Wapo wanaosema ni la yule Mfarisayo ambaye Biblia yetu humwita Nikodemo, aliyemwendea Yesu usiku. Wengine, na hao ndio wengi zaidi, husema ni la mtumwa wa hadithi aliyeletwa kutoka Afrika kwa merikebu, kisha akajinunulia uhuru wake. Palikuwa na wimbo maarufu wa Henry Clay Work, wa mwaka wa 1864, wenye kumtaja mtumwa wa jina hilo. Mimi sioni haja ya kuchagua. Watu waliofungiwa kusoma kitabu kingine chochote waliijua Biblia kwa moyo, na wangeweza kuzibeba maana zote mbili kwa jina moja bila kuona taabu.

Walichokikuta hakikufanana na matangazo. Hapakuwa na mbao za kujengea, kwa kuwa hapakuwa na miti. Majira ya kupanda yalikuwa yamekwisha pita, na baridi ilikuwa inabisha hodi. Wachache walikuwa na majembe. Farasi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Waliokwisha tangulia walikuwa wakiishi ardhini, katika mahandaki yaliyochimbwa kwenye kingo za vilima na kuezekwa kwa nyasi na udongo. Bibi mmoja, Willianna Hickman, mke wa mchungaji, aliyefika masika ya 1878 akiwa na kundi la pili kutoka Kentucky, alisimulia baadaye alivyooneshwa kwa kidole mahali mji ulipo, asione nyumba hata moja. Alichokiona ni moshi ukifuka kutoka ardhini. Alilia. Alikuwa na haki ya kulia. Wako waliogeuka na kurudi walikotoka, au kwenda miji mingine ya Kansas, na sina ujasiri wa kuwalaumu. Waliobaki walipita kipupwe kile kwa misaada ya miji jirani na, kwa mujibu wa masimulizi ya wazee wa pale, kwa nyama waliyogawiwa na Waosage waliokuwa wakirejea kutoka mawindoni. Masika yalipofika wakailima ardhi kwa mikono, wengine kwa sepetu tu.

Walimu wenzangu watanisamehe nikilitaja jambo linalotuhusu sisi. Mwalimu wa kwanza wa Nicodemus alikuwa Jenny Fletcher, binti wa yule mhubiri Smith, na darasa lake lilikuwa handaki. Sizungumzii darasa chini ya mti, ambalo wengi wetu tumelipitia na hata tukalitungia mashairi. Nazungumzia watoto walioshuka chini ya ardhi ili wafunzwe kusoma, wengi wao wakiwa na wazazi waliozaliwa utumwani. Kabla ya mji kuwa na barabara ya kuitwa barabara, mwaka wa 1879, ulikuwa umeunda wilaya yake ya elimu, nayo ikapewa Nambari 1 katika kaunti nzima. Wazungu wa Kaunti ya Graham walikuja nyuma.

Miaka kumi ya kwanza mji ulipanda kwa kasi. Nyumba za matonge ya udongo ziliinuka juu ya ardhi, kisha zile za mawe ya chokaa. Palikuwa na makanisa, maduka, hoteli, na kufikia 1887 magazeti mawili, katika mji ambao leo haungeweza kuuza gazeti moja. Kijana mmoja aliyefika huko 1878, Edward McCabe, akawa karani wa kaunti, na mwaka wa 1882 akachaguliwa kuwa Mkaguzi wa Hesabu wa jimbo zima la Kansas. Hakuna Mweusi aliyewahi kuchaguliwa katika wadhifa wa jimbo hilo kabla yake.

Kisha ikaja habari ya reli.

Sisi watu wa nchi hii tunajua reli huweza kufanya nini. Nairobi isingekuwa Nairobi lau reli haikupiga kambi hapo mwaka wa 1899. Wakazi wa Nicodemus nao walijua. Mwaka wa 1887 walipiga kura kutoa hati za mkopo za dola 16,000 ili kampuni ya Missouri Pacific ishawishike kupitisha njia yake mjini kwao. Fikiria, msomaji, dola 16,000 za wakati ule, kutoka kwa watu ambao miaka kumi kabla walikuwa wakilala mashimoni! Kampuni ile haikufika. Kampuni ya pili, Union Pacific, ilijenga kweli, lakini mwaka wa 1888 ikaipitisha njia yake upande wa pili wa mto, maili chache tu kutoka hapo, na kituo kipya kikaota, kikaitwa Bogue. Wafanyabiashara hawakungoja. Wengine waliyang'oa majengo yao na kuyavuta hadi ng'ambo ya mto. Mji uliolala na maduka uliamka bila maduka.

Nimesoma waandishi wasemao kuwa Nicodemus "ulikufa" mwaka huo. Mimi husoma kitenzi hicho na kujiuliza: nani mtenda? Tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba kufa ni kitenzi kisichochukua shamirisho. Kitu hufa chenyewe, wala hakuna wa kushtakiwa. Kauli hiyo ni tamu kwa yule aliyeketi ofisini akapiga mstari kwenye ramani. Miji ya mbugani haikufa kama afavyo mzee aliyeshiba siku zake. Mingi iliamuliwa. Kaunti hiyo hiyo ina mji uitwao Hill City, uliopewa jina la yule Hill tuliyemtaja, na ndio makao makuu ya kaunti. Sensa ya 2020 iliukuta na watu wapatao 1,400. Bogue nayo, iliyobarikiwa na reli, leo haifikishi watu 200, jambo linaloonesha kwamba hata aliyependelewa hakupewa ahadi ya milele.

Walioshikilia Nicodemus baada ya hapo walikuwa wakulima, na wakulima huvumilia mengi. Lakini katika miaka ya 1930 mvua zilikatika, udongo uliokuwa umeshikwa na mizizi ya nyasi tangu jadi ukapeperuka baada ya kupasuliwa na plau, na dhoruba za vumbi zikageuza mchana kuwa usiku. Bei ya ngano ilikuwa imeanguka nayo. Kufikia 1935 mji ulikuwa umebakia na watu 76. Mwaka wa 1950 walikuwa 16. Posta ilifungwa 1953. Shule ilifungwa 1960, baada ya miaka 81 ya Wilaya Nambari 1. Sensa ya 2010 ilihesabu 59. Ile ya 2020 ikahesabu 14.

Huo ndio mji uliotajwa kuwa wa mizuka.

Mimi nilifika huko mwishoni mwa Julai 2012, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu katika jimbo hilo. Mwanafunzi mwenzangu, ambaye nyanya yake alizaliwa Nicodemus, aliniambia nisiondoke Kansas bila kuona kwao. Nilishangaa kidogo, kwani yeye mwenyewe alizaliwa na kulelewa Denver, katika jimbo jingine kabisa. Tuliendesha gari takriban saa nne kuelekea magharibi, huku miji ikizidi kuwa midogo na mbingu zikizidi kuwa kubwa. Nilikuwa nimejiandaa kuona magofu. Nilikuta mamia ya watu. Kando ya njia palijaa magari yenye nambari za usajili za Colorado, California, Missouri na kwingineko. Watoto walikuwa wakikimbizana penye Jumba la Mji, lile la mawe ya chokaa lililojengwa 1939. Wazee walikuwa wamekalia viti vya turubai kivulini. Moshi wa nyama ulikuwa umetanda kila upande, nao haukutoka ardhini.

Sherehe ile hufanywa kila mwaka tangu 1878. Ilianza kama kumbukumbu ya tarehe 1 Agosti 1834, siku sheria ya kukomesha utumwa ilipoanza kutumika katika visiwa vya Karibea vilivyokuwa chini ya Uingereza, na baadaye ikawa ndiyo siku ya wana wa Nicodemus kurejea nyumbani. Bikizee mmoja aliniita, akanitazama juu hadi chini, kisha akaniuliza mimi ni wa nani. Hakuniuliza jina langu, wala nilikotoka. Swali hilo nililisikia mara ya mwisho kijijini kwetu, kutoka kwa wazee wasioona vizuri. Nilipomweleza kwamba natoka Kenya, alicheka, akasema basi nimetoka mbali kuliko wote na nistahili sahani ya kwanza. Nikapewa.

Hapo ndipo lilipozaliwa shaka langu juu ya hesabu ya watu. Sensa ya Marekani humhesabu mtu mahali anapoishi kwa kawaida. Yetu, kama ile ya Agosti 2019, humhesabu mahali alipolala usiku wa kuhesabiwa. Zote mbili zina maana yake, nami sizidharau. Bila hizo hatuwezi kugawa madawati wala dawa. Lakini zote mbili huuliza mwili wa mtu ulipo. Haziulizi yeye ni wa wapi.

Lugha yetu huuliza. Neno mji ni la kale sana katika lugha za Kibantu, na maana yake ya kwanza haikuwa maduka na taa za barabarani. Mgikuyu akisema mũciĩ, Mkamba akisema mũsyĩ, Mmijikenda akisema mudzi, wote wanataja nyumbani. Na Mzulu wa mbali husema umuzi, akikusudia boma la familia. Katika Kiswahili chenyewe mji wa mimba ni pale mtoto anapokaa kabla ya kuzaliwa, na mji wa leso ni ile sehemu ya katikati inayozungukwa na pindo. Nikodemo wa Injili, mtakumbuka, ndiye aliyeuliza iwapo mtu mzima aweza kurudi tumboni mwa mamake. Lau angeuliza swali hilo kwa Kiswahili cha wakunga, angejikuta anauliza iwapo mtu aweza kurudi mjini.

Na wapo watu wa nchi hii wanaobeba jibu katika jina lao. Mijikenda maana yake ni miji tisa, na miji hiyo ni zile kaya za msituni walimoishi mababu zao. Kufikia miaka ya 1940 kaya hizo zilikuwa zimeacha kuwa makazi ya watu. Hesabu yake ya sensa ni sufuri. Hata hivyo kuna wazee wanaozitunza, kuna matambiko, kuna miiko ya kukata mti, na mwaka wa 2008 kaya kadhaa ziliandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Binti yule aliyeandika "mahame" ni Mgiriama. Nilipomuuliza kama angeiita Kaya Fungo mahame, alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba nyanyake asingependa kusikia neno hilo.

Nikadhani hoja yangu imeshinda, lakini hakuniachia hivi hivi. "Mwalimu," akasema, "kaya haina haja ya shule. Mji una haja. Hao kumi na wanne wakizeeka, na wale wa Denver wakawa wanakuja siku tatu tu kwa mwaka, nani atalipa stima ya kanisa?" Darasa zima lilicheka, nami nilicheka nao, lakini swali lake halikuwa la mzaha. Nakiri kwamba halina jibu jepesi. Mwaka wa 1996, baada ya juhudi za wazawa kama Angela Bates, serikali ya Marekani iliutangaza Nicodemus kuwa Eneo la Kihistoria la Taifa, na majengo matano yaliyosalia yakawa chini ya ulinzi: makanisa mawili, hoteli, shule na Jumba la Mji. Ndio pekee uliosalia kati ya miji iliyoasisiwa na Weusi magharibi ya mto Mississippi katika miaka ile baada ya vita. Ulinzi ni jambo jema. Lakini jengo la shule linalolindwa na serikali na lisilo na mtoto ndani yake, mimi kama mwalimu nashindwa kulifurahia. Veryl Switzer, mzaliwa wa Nicodemus aliyecheza kandanda ya Kimarekani katika ligi kuu miaka ya 1950, aliendelea kuishika ardhi ya familia yake huko hadi uzeeni, alifariki 2022. Ardhi ikibaki mikononi mwa wenyewe kuna tumaini la aina fulani. Ikiuzwa, sherehe ya Julai itabaki kuwa pikiniki.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba Nicodemus u hai kwa maana ile ile ambayo Eldoret u hai. Ninachokataa ni kuwekewa maneno mawili tu mezani, hai na mfu, na kulazimishwa kuchagua. Mwanafunzi akiyapokea hayo mawili bila kuuliza, atarudi kijijini kwao, aone nyumba zimefungwa makufuli kuanzia Januari hadi Novemba kwa kuwa wenyewe wako Nairobi, Doha au Minneapolis, naye atasema kijiji kimekufa. Na akishasema hivyo hataona sababu ya kuuliza ni nani aliyeondoa basi la asubuhi, au kwa nini zahanati ilijengwa kwingine.

Nilimwita binti yule ofisini wiki iliyofuata. Nilimwambia alama zake zinabaki zilivyo, kwa kuwa alilijua neno ambalo wenzake hawakulijua. Lakini pembeni mwa karatasi yake, karibu na "mahame", nimeweka alama ya kuuliza kwa wino mwekundu, na nimempa hadi mwisho wa muhula aniletee neno la Kiswahili la mji ambao watu wake wanalala kwingine. Alisema atamuuliza nyanyake. Hadi ninapoandika haya hajaniletea, nami nimepekua kamusi tatu bila kulipata. Msomaji aliye nalo na atuandikie kupitia kwa mhariri.